Bibi Muhsina na Karatasi Tatu za Myunani

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kwamba katika zama ambazo dola ya Wayunani ilikuwa imebakiwa na miji michache tu mikononi, palikuwa na mji wao mmoja huko kusini, umejengwa ubavuni mwa mlima, nyumba juu ya nyumba, hata paa la huyu likawa kizingiti cha yule. Wenyeji waliuita Kastro, maana yake Ngome. Na katika mji huo aliishi mateka wa Kiislamu, mwanamke, jina lake Muhsina binti Tajuddin. Kisa hiki ni chake. Nakitoa kwa kujivunia wala sifichi, kwa sababu wapo kati yenu wanaodhani kwamba waja wema wa zamani walikuwa wanaume watupu wenye ndevu hadi kifuani. Hebu kaeni vizuri.

Bibi Muhsina alizaliwa Bursa, binti wa mwalimu wa madrasa. Baba yake, Sheikh Tajuddin, alikuwa akisomesha kitabu kikubwa cha mwanachuoni mmoja wa tauhidi, kitabu kinachojibu hoja za wanafalsafa. Muhsina alikuwa akikaa nyuma ya pazia tangu ana miaka tisa, akisikiliza. Kitabu hicho alikisikia kikisomwa mara tano, mwanzo hadi mwisho, na akakihifadhi chote kichwani. Chote! Sisi leo tukihifadhi kurasa mbili tunataka tufanyiwe karamu.

Basi vitabu vya namna ile vina adabu yake, na ni lazima muijue adabu hiyo, la sivyo kisa hiki kitawapita. Mwandishi hamrukii mpinzani wake kwa matusi. Humtanguliza. Huandika, “Wakisema wenye kusema,” kisha akaieleza rai ya mpinzani kwa urefu, akaipamba, akaitafutia hoja ambazo hata mwenyewe hakuzijua, mpaka msomaji aseme moyoni, ama kweli hawa wana haki. Hapo ndipo anapoandika, “Nasi twajibu,” akaanza kuibomoa tofali kwa tofali. Siku moja mwanafunzi mgeni alisikia ile sehemu ya kwanza tu, akasimama na viatu vyake mkononi akipiga kelele kuwa Sheikh Tajuddin amekufuru. Wenzake walimkimbilia, wakamrudisha kwa kumshika kanzu. Sheikh akamwambia, “Kaa, mwanangu, jibu linakuja. Mbona una haraka?” Muhsina nyuma ya pazia alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa ushungi.

Ikakadiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, msafara aliosafiri nao kwenda kwa shangazi yake ukavamiwa na maharamia karibu na pwani. Akauzwa, akauzwa tena, hata akafikia Kastro, katika nyumba ya mwanafalsafa mmoja mzee aitwaye Leontio. Mke wa mzee huyo, Bibi Evdokia, alikuwa ameanza kupoteza nuru ya macho na akihitaji mtu wa kumshika mkono. Muhsina alikaa naye miaka sita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemvunjia heshima yake. Alisali sala zake kwa wakati, na Leontio alizoea kusema, “Mwacheni. Anayesali kwa saa zake ana akili iliyopangika.”

Na huyo Leontio alikuwa mtu wa namna gani? Tumpe haki yake, kwani kumdhulumu asiyekuwa wa dini yako ni dhuluma vilevile. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye nyusi nene, asiyejua kunong'ona. Alimwambia mtawala wa mji usoni kwamba nchi inayolindwa na askari wa kukodi itauzwa na askari hao hao, na kwamba shamba ni la anayelilima, si la anayelitazama kutoka dirishani. Alisoma vitabu vya wahenga wa Kiyunani walioishi zaidi ya miaka elfu kabla yake kana kwamba ni barua walizomwandikia yeye jana. Na rai yake kubwa, ambayo ndiyo iliyomletea maadui, ilikuwa hii: kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo. Alisema ulimwengu unatoka kwa Mungu kama nuru inavyotoka katika jua, na kwa kuwa jua halikai kitambo bila nuru, basi hapakuwa na wakati ambapo Mungu alikuwapo na ulimwengu haupo. Sisi tunaamini kinyume chake, kwamba Mola aliumba alipotaka na alivyotaka. Lakini mzee aliisadiki rai yake kwa moyo safi, na alikuwa tayari kuumia kwa ajili yake.

Adui yake mkubwa alikuwa Kalisto, mwalimu wa baraza la mtawala, mtu mwenye sauti tamu na mikono laini. Kalisto alidai kwamba tangu dunia iwe dunia hapajapata kutokea mtu mwenye kumwamini Mungu Mmoja, akiwa na akili timamu, akasema ulimwengu hauna mwanzo. Mtawala akachoka na ugomvi wao. Akaamuru wajadiliane mbele yake, na mshindi akabidhiwe chuo cha mji, chuo ambacho Leontio alikuwa amekisomesha miaka thelathini.

Siku mbili kabla ya mjadala, asubuhi, Leontio aliingia uani kwa mbio, mzee wa miaka sabini na tano, joho limemzunguka miguuni nusura aanguke. Mkononi alishika karatasi tatu kuukuu za Kiarabu.

“Binti! Muhsina! Njoo uone!”

Mfanyabiashara mmoja wa Sham alikuwa amezitumia karatasi hizo kufungia dawa. Leontio alijua Kiarabu cha kuungaunga, akazisoma, akakuta pembeni jina la kitabu na la mwandishi. Na ndani yake, ajabu ya maajabu, hoja yake mwenyewe: jua na nuru, sababu na kisababishwa, imeelezwa kwa uzuri kuliko alivyopata kuieleza yeye.

“Mwanachuoni mkubwa wa Waislamu!” alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. “Anamwamini Mungu Mmoja kuliko wote, na anasema nisemavyo mimi! Sasa Kalisto atakwenda wapi? Wewe umekulia katika kitabu hiki, mke wangu ameniambia. Soma. Niambie kama maneno haya yamo.”

Muhsina akazipokea. Hakuhitaji kusoma mstari wa pili. Zilikuwa kurasa za katikati, ile sehemu anapopambwa mpinzani. Mwanzo wake, penye “Wakisema wenye kusema,” haukuwapo. Na karatasi ya tatu iliishia pale pale ambapo mstari unaofuata ungekuwa, “Nasi twajibu.” Mzee wa watu alikuwa ameshika mkononi maneno ambayo mwandishi wake aliyaandika ili ayabomoe.

Akafungua kinywa amwambie. Leontio akamtangulia.

“Utasimama mbele ya mtawala ushuhudie. Na siku hiyo hiyo, naapa, nitakuandikia hati ya uhuru wako. Utarudi kwenu, binti. Haya, yamo au hayamo?”

Enyi ndugu zangu, miaka sita! Mama yake hakujua kama yu hai. Kinywa kilikuwa kimekwisha funguka kwa jambo moja, likatoka jingine.

“Yamo, Mwalimu,” akasema. “Maneno haya yamo kitabuni.”

Akanyamaza. Mzee akaondoka akiimba.

 Siku mbili hizo Muhsina alijitetea nafsini mwake kwa hoja nzuri, kwani mwenye elimu akitaka kujidanganya hakosi nyenzo. Alisema, sitasema uongo. Nitaulizwa kama maneno yamo, nami nitasema yamo, na kweli yamo. Nani ataniuliza kilichofuata? Hakuna. Basi kosa langu liko wapi? Lakini kila alipotandika mswala hoja hiyo ilimponyoka. Alimfikiri yule mwanachuoni, amelala kaburini mwake karne nyingi, hana wa kumsemea katika mji ule ila yeye. Maneno yake yangenukuliwa barazani, yakaandikwa katika vitabu vya Wayunani, na hadi siku ya Kiyama wangesema: hata Imamu wa Waislamu alikana kuumbwa kwa ulimwengu. Na yote kwa sababu mwanamke mmoja alitaka kwenda kwao.

Bibi Evdokia alikuwa akimshonea joho la safari, kwa kupapasa, kwa kuwa macho hayakumsaidia tena.

“Njoo nikupime mabega,” akamwambia. Akampima, kisha mikono yake ikapanda mpaka usoni. “Mh! Uso huu si wa mtu anayekwenda kwao, binti yangu. Una nini?”

“Sina kitu, Mama.”

“Mimi ndiye kipofu,” Bibi Evdokia akasema, “lakini wewe ndiye unayejificha.” Hakumdadisi zaidi.

Siku ikafika. Ukumbi wa mtawala ulijaa makasisi, maofisa na wanafunzi, wengine wamening'inia madirishani. Mtawala alikuwa mtu wa makamo, mwenye kisigino kibovu, ameuweka mguu juu ya mto. Muhsina alisimama nyuma pamoja na Bibi Evdokia, amejifunika, akamsikiliza bwana wake akisema. Na wallahi alimwonea fahari. Mzee aliongea bila karatasi, bila kusitasita, akajibu kila mshale aliotupiwa na Kalisto, hata baadhi ya makasisi waliomchukia wakawa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Kisha akainua karatasi tatu.

“Kalisto anasema hajatokea mwenye kumwamini Mungu Mmoja aliyesema nisemavyo. Mimi nitawaletea mmoja, na mkubwa wao.” Akazisoma, zimetafsiriwa vizuri. Ukumbi ukavuma.

Kalisto alibadilika rangi. “Nani anajua kama karatasi hizi hukuziandika mwenyewe?”

“Yuko anayejua. Njoo, binti.”

Watu wakampisha. Kalisto alipomwona akacheka. “Huyu? Mtumwa wa jikoni ndiye shahidi wa falsafa?”

“Mtumwa wa jikoni anakijua kitabu kizima kwa moyo,” Leontio akasema. “Wewe unajua nini kwa moyo, mbali na wakati wa chakula cha mtawala?”

Watu wakaangua kicheko, na mtawala mwenyewe akatabasamu. Kisha akamtazama Muhsina. “Uape kwa Mungu wako, ewe mwanamke. Maneno haya ni ya kitabu hicho?”

Muhsina akaapa. “Maneno haya ni ya kitabu hicho, ee mtukufu, na hayakuzidishwa herufi.”

Leontio akageuka kuwatazama watu, mikono ameinyoosha, kama mtu aliyemaliza kazi. Mtawala akainua kidole kumruhusu shahidi aondoke. Na hakika, lau angeondoka, hakuna mtu juu ya mgongo wa ardhi ambaye angemlaumu.

Hakuondoka.

“Nimeapa kwa Mungu,” akasema, “na kiapo hakijatimia. Maneno haya yamo, lakini si rai ya mwandishi. Ni rai ya wapinzani wake. Wanachuoni wetu wana desturi ya kumpa mpinzani nafasi yake kamili kabla ya kumjibu, na karatasi hizi zimekatika kabla ya jibu. Yeye aliamini kwamba ulimwengu umeumbwa na una mwanzo. Anayetaka jibu lake, ninalo.”

 Leontio mikono bado imenyooka, haikushuka. Uso wake ukawa mweupe, kisha mwekundu.

“Ulijua lini?” akauliza kwa sauti ndogo, yeye asiyejua kunong'ona.

“Nilijua saa ile ile uliponipa karatasi, Mwalimu.”

“Siku mbili! Kwa nini hukuniambia nyumbani kwangu? Ungeniambia uani, nisingesimama hapa nikaaibika mbele ya mji!”

Hapa, ndugu zangu, ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe. Kusema ile kweli ya kwanza kulimkosesha uhuru. Lakini angeweza bado kujihifadhia heshima. Angeweza kusema, nilitaka kukuambia ukanikatiza, na ingekuwa kweli nusu yake. Alikuwa amechoka na nusu.

“Kwa tamaa, Mwalimu,” akasema. “Uliniahidi kurudi kwetu. Nikanyamaza kwa tamaa. Kosa lako ni la karatasi zilizokatika, na langu ni la moyo. Nisamehe.”

Bibi Evdokia akasikika akilia. Kalisto yeye hakulia, alipiga makofi.

“Nimeshinda! Na kwa ulimi wa nyumba yake! Ee mtukufu, mwanamke huyu amenifaa kuliko mawakili kumi. Nitamkomboa leo hii kwa Leontio, arudi kwao, ndiyo shukrani yangu.”

Basi fikirini: mlango aliokuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe umefunguliwa tena, na safari hii bila kusema uongo wowote. Muhsina alimtazama Kalisto kwa mara ya kwanza.

“Sikushuhudia kwa ajili yako,” akamwambia. “Ushahidi ukipokelewa ujira baada yake, kesho watasema ulinunuliwa kabla yake. Nakushukuru. Nitarudi jikoni.”

Mtawala akaondoa mguu wake juu ya mto akakaa wima. Wamesimulia kwamba hata makasisi wale walimwinamia Muhsina alipopita, na yeye mwenyewe hakujua, kwa kuwa alikuwa akitazama chini.

Chuo alipewa Kalisto. Leontio alirudi nyumbani kwa miguu, akajifungia, na siku nane hakumsemesha mtu. Muhsina akaendelea na kazi zake: akachota maji, akamshika mkono Bibi Evdokia, akasali. Joho la safari lilikunjwa likawekwa sandukuni, na hakuna aliyelitaja. Alisubiri bila kujua anasubiri nini, na hiyo ndiyo subira yenyewe, kwani anayejua mwisho wa jambo anahesabu siku tu.

Siku ya tisa, jua limepanda, Leontio akatoka uani na kalamu na wino. Akaketi juu ya kiti cha mbao mbele ya Muhsina.

“Nisomee jibu,” akasema.

“Jibu lipi, Mwalimu?”

“La Imamu wako. Lote. Nimeeneza rai yake nusu mbele ya watu mia mbili, nami sitakufa na deni hilo.”

Akamsomea, na akamfasiria, siku saba mfululizo. Mzee aliandika kwa mkono wake, akabishana, akagonga kiti, akaita mstari fulani upuuzi, kisha akaomba arudiwe mstari huo huo mara tatu. Alipomaliza alikishona chote ndani ya kitabu chake mwenyewe, mara baada ya hoja yake ya jua na nuru, bila kupunguza neno.

Muhsina akathubutu kumuuliza, “Je, Mwalimu, umesadiki?”

“Sijasadiki,” akasema Leontio. “Wala sitakudanganya kwamba nimesadiki ili nikufurahishe. Hilo nimejifunza kwako.”

Kisha akatoa karatasi nyingine kifuani, ina muhuri. Muhsina alipoiona alirudi nyuma hatua moja.

“Usiogope, si ujira,” mzee akasema. “Ahadi yangu ilikuwa ya ushahidi ule nilioutaka, nao hukunipa, kwa hiyo sidaiwi. Hii nimeiandika kwa sababu nyingine. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba mtu huru ni yule asiyetawaliwa na hofu wala tamaa. Nimemtafuta miaka sabini, katika vitabu na katika mabaraza, nami sikumwona. Siku ile nilimwona kwa macho yangu, tamaa imemshika siku mbili, kisha ameitupa mbele ya mji mzima. Na nilipouliza huyu ni wa nani, nikaambiwa ni mtumwa wangu.” Akamtia hati mkononi. “Naona haya, binti. Nenda kwenu.”

Bibi Muhsina alirudi Bursa, akawakuta wazazi wake hai, alhamdulillahi. Alisomesha kitabu kile nyuma ya pazia lile lile miaka mingi, na wanaume wakubwa wakija kumsikiliza. Watu walipomwomba awasimulie siku ya ukumbi, alikuwa akiwaambia, “Nitawaeleza, lakini nianze na siku mbili nilizonyamaza.” Hakuziacha hata mara moja.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana siku mbili zake. Tunapojisimulia tunaanzia pale tuliposimama ukumbini, na watu wakatusifu, nasi tukapokea sifa. Yeye alianzia uani, penye aibu yake, na ndiyo maana mimi nikimtaja nainua kichwa changu, nikaona fahari kwamba ni wa umma wangu. Mola amrehemu, na atupe sisi ulimi unaomaliza ulichokianza.